Nipeni Kitabu Kizuri, Basi

Jamani, kumaliza kitabu kitamu ni balaa. Watu wanakupa hongera, eti umesoma kurasa mia nne. Hongera ya nini? Jana nilikuwa na watu wangu mle ndani, nawajua kwa majina, najua nani anamwonea nani wivu na nani anadaiwa. Leo nimefunga jalada, wote wametoweka bila kuaga, nimebaki naukodolea macho ukuta. Na ukimlalamikia mtu, jibu analo mdomoni: "Si uende maktaba ya umma? Vitabu vimejaa, na ni bure."

Vimejaa, sikatai. Na bure ni bure. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba maktaba inamsubiri mtu anayejua anachotaka. Mimi sijui ninachotaka. Nataka kitabu kizuri, basi.

Basi nakwenda kwenye kompyuta ya katalogi. Inaniuliza: mwandishi? Jina la kitabu? Mada? Sasa mwenzangu, kama ningekuwa na mwandishi, na jina la kitabu, na mada, hapo kwenye kompyuta ningekuwa natafuta nini? Naandika "riwaya nzuri". Inaniletea vitabu vya kufundisha namna ya kuandika riwaya nzuri. Mimi sitaki kuandika, namtaka aliyekwisha kuandika! Nafuta, naandika "kuchekesha". Inanitolea utafiti wa kitaaluma juu ya nadharia za ucheshi, juzuu nene, ambalo naweza kuapa aliyeliandika hakucheka hata siku moja katika kuliandika.

Siku nyingine kompyuta inanipa matumaini kabisa: kitabu kipo rafuni. Nakifuata. Hakipo. Narudi kwenye kompyuta, nayo imeshikilia msimamo wake: kipo. Kumbe kuna mtu alikichomoa, akakipekua, halafu akakirudisha palipokuwa karibu na mkono wake. Na kitabu kikishakaa rafu isiyo yake, hata kama ni hatua tatu tu kutoka kwake, kimepotea. Hakuna wa kukiona mpaka siku ya kuhakiki rafu nzima. Ndiyo maana maktaba nyingi hubandika tangazo: ukimaliza kuangalia kitabu usikirudishe mwenyewe, kiache mezani. Lakini kuna watu wana adabu kupita kiasi. Wanataka ulimwengu ujue wamelelewa, hawaachi kitu mezani. Adabu yao ndiyo iliyoninyima kitabu.

Tuje kwenye zile namba. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876 alitoa mpango wa kuyagawa maarifa yote ya binadamu katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 999, na mpaka leo maktaba chungu nzima duniani zinamfuata. Sibishi, kazi aliifanya. Ukitaka mapishi, 641.5, unakwenda umefumba macho. Mbwa wako 636.7, paka 636.8, wamewekwa mlango kwa mlango bila mtu kuwauliza kama wanaelewana. Mizimu iko 133, fungu moja na falsafa na saikolojia, na hapo sijui nani alikuwa anamsema nani. Ngano ziko 398.2, ndani ya sayansi ya jamii, kwa hiyo Sungura na Fisi wanaishi mtaa mmoja na wanauchumi na wanasheria. Kwa Sungura sina pingamizi, yule wakili.

Sasa tazama nilivyofanyiwa mimi. Riwaya, kitu pekee kinachonitoa nyumbani, maktaba nyingi za umma zimeiondoa kwenye namba hizo. Kisheria ingekaa 800 na ushairi na tamthilia, lakini wameona ni nyingi mno, wakaipangia rafu zake kwa jina la ukoo la mwandishi. Yaani anayetaka kufuga nyuki anashikwa mkono mpaka kwenye nukta ya desimali, na anayetaka riwaya anaoneshwa A mpaka Z, haya, kila la heri. Matokeo yake hadithi ya mapenzi ya kukuliza imebanwa ubavu kwa ubavu na ya muuaji anayekata watu vipande, kisa koo za waandishi zinaanza na herufi moja. Na mwandishi ambaye herufi yake imeangukia rafu ya chini kabisa, maskini, ili umsome sharti upige magoti. Sina ushahidi, lakini naamini kuna vipaji vikubwa vimekufa bila kujulikana kwa sababu ya magoti ya wasomaji.

Halafu shingo. Vitabu vingi mgongo wake unasomeka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unatembea umelaza kichwa bega la kulia. Sawa, umezoea. Unafika kwenye vitabu vya Kifaransa: wao huandika kutoka chini kwenda juu! Kichwa bega la kushoto. Mtu akipita akakuona anadhani una ugomvi na nafsi yako.

Basi umevumilia, umeona riwaya ya mfululizo inayosifiwa. Kitabu cha pili kipo. Cha nne kipo. Cha tano kipo, nakala mbili. Cha kwanza kimeazimwa! Siku zote cha kwanza. Na kama wote wanaazima cha kwanza halafu hawarudi kuchukua cha pili, labda ningejiuliza kitu, lakini sijiulizi, naingia kwenye foleni ya kukisubiri. Nikaambiwa pia nijaribu kwenye simu, kuna vitabu vya kielektroniki. Hapo nilifurahi, nikajua faili halichakai wala halichanwi kurasa, litatutosha wote. Foleni! Kumbe leseni nyingi ni nakala moja kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, na nyingine zinaisha muda. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja mkubwa alitangaza kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikiazimwa mara 26, maktaba inunue upya. Kitabu kisicho na karatasi, kimechakaa! Nimebaki mdomo wazi.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Katika maktaba nyingi, ukisharudisha kitabu, mfumo unafuta kwamba ulikiazima wewe, asije mtu siku moja akataka kujua unasoma nini. Naheshimu sana. Shida ni kwamba na mimi huwa nimefuta. Nachukua kitabu, nakaa, nasoma kwa raha zangu, nafika katikati ndipo nashtuka: ah, huyu shangazi ndiye muuaji, nilishamkamata mwaka jana! Wenzetu wa Dundee, Uskoti, walikuwa na dawa yake. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba wasomaji wazee wa maktaba moja kule walikuwa wakiweka alama zao za siri vitabuni; mmoja alikuwa akipigia mstari ile namba 7 ya ukurasa wa saba. Akifungua akikuta mstari, anarudisha, kwisha. Ni kuchora mali ya umma, najua, msinifundishe. Lakini akili ile, lo!

Mwisho wa yote unajikuta mbele ya mkutubi. Mimi huwa nachelewa kwenda kwake kwa sababu namwogopa kidogo, na mkutubi mwenyewe umri wake ni wa mwanangu.

"Shikamoo baba. Nikusaidie?"

"Marahaba. Nataka kitabu."

"Kitabu gani, baba?"

"Kizuri."

Hakucheka. Wamefundishwa, hawa. Akaniuliza kitabu gani cha mwisho nilikipenda, na nilipenda nini ndani yake. Nikamwambia kilikuwa kizuri. Akaendelea kunibonyeza taratibu kama daktari anayetafuta panapouma: kisa kilikwenda mbio au polepole? Unawakumbuka watu zaidi au matukio? Ungependa mahali unapopajua au pageni? Nikawa natokwa jasho. Sikuwa nimejiandaa kwa mtihani.

Baadaye nikaja kujua kwamba maswali yale yana wenyewe. Kuna mama aliyekuwa mkutubi Seattle, Marekani, anaitwa Nancy Pearl, ambaye anasema msomaji huingia kitabuni kupitia milango minne: kisa, wahusika, mahali, na lugha. Ukijua mlango wako, unatafutiwa kitabu chenye mlango huohuo uliopanuliwa, hata kama habari yake ni nyingine kabisa. Mama huyu amefika mbali hadi mwaka 2003 kampuni ya vichezeo ikatoa mwanasesere wa sura yake. Ukibonyeza, mkono unapanda mdomoni, shiii! Wakutubi wengine walinuna, wakasema tunaonyeshwa tena kuwa kazi yetu ni kunyamazisha watu. Na walikuwa na haki. Huyu wangu hakuninyamazisha, alinilazimisha kusema, na hilo lilinitesa zaidi.

Pearl huyohuyo ana kanuni yake: kitabu kipe kurasa 50, kikikushinda kiache bila aibu. Na kama umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndizo kurasa unazodaiwa. Wa miaka 60 anasoma 40. Wa 80 anasoma 20. Ukifika 100, anasema, una ruhusa ya kuhukumu kitabu kwa jalada lake. Niliposikia hivyo niliwaonea wazee gere. Mimi bado kanuni inanidai zote 50, hata pale ambapo ukurasa wa tatu umeshanionyesha dalili.

Kama hutaki maswali, kuna toroli la vitabu vilivyorudishwa, vile ambavyo havijapelekwa rafuni. Hilo ndilo nalipenda kwa dhati, maana pale hakuna namba wala koo. Pale kuna vitabu ambavyo mtu mwenye akili zake alivibeba mpaka nyumbani. Tatizo ni kwamba na wengine wamelijua toroli hilo. Tunalizunguka tukijifanya tunapita tu. Nikinyoosha mkono, na mwenzangu kanyoosha. Tunatabasamu, "chukua tu ndugu yangu", "hapana, chukua wewe", na kila mmoja kakishika kitabu hakiachii.

Mhindi mmoja aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla hajawa mkutubi, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba. Ya pili ni kila msomaji apate kitabu chake, na ya tatu kila kitabu kipate msomaji wake. Ya nne: okoa muda wa msomaji. Mzee wa watu alikuwa na nia njema. Wangu uliokolewa ukawekwa rafu gani, sijui, labda nao umerudishwa na mtu mwenye adabu.

Basi nimetoka na vitatu alivyonichagulia yule binti, maana angenitazama hivyo ningekataaje? Sijafika mlangoni, simu inalia: vile vyote nilivyovipangia foleni tangu zamani, kila kimoja kwa wakati wake, vimefika siku moja. Vyote! Na sivyo vya kuahirisha, nisipovichukua katika siku chache vinakwenda kwa anayefuata. Kile cha kwanza cha mfululizo kimo.

Kwa hiyo wewe uliye nyuma yangu kwenye foleni ya hicho cha kwanza, na najua upo, na najua unanisema, vuta subira. Nimefika ukurasa wa 31, hakijanikolea bado, lakini kanuni inanidai 50.