Kinyungu kinapimwa kwa kamba, maji yako chini

Kila kiangazi kikikaza, huku Mufindi na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kauli ile ile hurudi: vinyungu, yaani vishamba vya matuta vya kiangazi mabondeni, vinakausha mito. Wanaoisema wana sababu. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi. Lawama kubwa huangukia mashamba ya mpunga ya Usangu, lakini vijito vinavyoulisha vinaanzia huku juu, kwenye mabonde yetu, na bonde likichokozwa hovyo mto wa chini unajua.

Bonde lenyewe ni la kipekee. Udongo wake mweusi, ule unaobonyea ukiukanyaga, ni majani na mizizi ambayo haikuoza yote kwa sababu imelala majini. Katika nchi za baridi udongo wa namna hii hujengwa zaidi na mimea midogo laini inayotandaa kama zulia. Katika nchi za joto hujengwa zaidi na matete, mafunjo na miti. Ardhi ya aina hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, ila imebeba kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Ukiitoa maji, hewa inaingia, udongo unaoza, unanywea na kushuka. Haurudi katika umri wa mtu.

Sasa mkulima. Kinyungu huandaliwa mvua zikishakwisha, wakati shamba la mlimani limekauka. Hutoa mahindi mabichi, maharage, njegere na mboga katika miezi ile ghala linapobaki na vumbi. Kwa mama mwenye watoto wanne, hiyo ndiyo karo na chumvi. Na mzee aliyefundishwa kazi hii hakuchimba mtaro wa kumaliza maji. Aliinua tuta ili mizizi ipumue, maji akayaacha yatembee taratibu katikati. Bila unyevu ule kinyungu hakina maana, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuuhitaji ubaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, nazo maafisa huzipima kwa kamba. Wengi wanaitaja kana kwamba imepiga marufuku kila jembe. Isomwe tena: inazuia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Tuta la msimu mmoja si jengo. Swali linabaki kwenye madhara, na madhara hayaonekani kwa kamba. Halafu ukingo wenyewe uko wapi, bonde zima likiwa tope na kijito kikihama kila masika? Nimeona kamba ikivutwa kutoka mahali ambapo kila mmoja aliyesimama pale alipaonyesha tofauti.

Wakati huo huo, milingoti, yaani mikaratusi, imepandwa hadi chini kabisa bondeni, inakunywa mwaka mzima, na haitajwi kwa ukali ule. Wapo pia wakulima wapya wanaochimba mitaro mirefu, ya kina cha kiuno, ili wapande viazi vya soko. Hao nao huitwa watu wa vinyungu. Hapo ndipo mzee wa matuta anapobebeshwa kosa lisilo lake.

Afisa akishuka bondeni mwezi wa Oktoba, aje na jembe. Achimbe kishimo kati ya tuta na tuta, asubiri kidogo, aone maji yamesimama wapi. Kisha afanye vivyo hivyo chini ya milingoti.