Kidole cha bi mkubwa na daftari lililofungwa

Mbele yangu kwenye foleni, asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2022, alisimama bi mkubwa aliyekifunga kitambulisho chake kwenye pindo la leso. Tulikuwa tumefika kabla ya saa kumi na mbili, saa ya kufungua vituo, na hadi tunauona mlango jua la Mombasa lilikuwa limeshatukalia utosini. Karani alipokea kitambulisho, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Kifaa kikamkataa. Akaweka kingine, kikamkataa.

"Jipanguse kidogo, mama," karani alimwambia. Akajipangusa kwa leso. Mkono wa kulia ukaisha, wa kushoto ukaanza.

"Mwanangu, vidole hivi vimekuna nazi tangu hujazaliwa."

Tuliokuwa nyuma tukacheka. Yeye hakucheka. Alikikazia macho kile kifaa, uso umemshuka, kama mtu aliyekutwa na kitambulisho kisicho chake.

Mwishowe karani aliandika nambari ya kitambulisho, jina na picha vikatokea, mawakala wa vyama wakaitwa washuhudie, msimamizi wa kituo akajaza Fomu 32A, ya mpiga kura ambaye kidole chake kimekataliwa, na bi mkubwa akapewa karatasi zake. Alipewa tano badala ya sita, maana ile ya gavana kwetu Mombasa ilikuwa imeahirishwa, jambo nitakalolirudia. Zilipita kama dakika kumi. Mimi, ambaye vidole vyangu kazi yake ni kubonyeza kompyuta, nilitambuliwa kabla sijatulia vizuri.

Kifaa chenyewe ni KIEMS, kinachomtambua mpiga kura mchana na kutuma matokeo usiku. Mjadala wake Kenya tumezoea kuuendesha kama mjadala wa wizi: nani ataiba kwa mashine, nani ataiba kwa daftari. Wanaotaka mashine peke yake wana hoja, na wanaotaka daftari lililochapwa la majina ya wapiga kura liwepo pembeni wana hoja. Ila ukiwa foleni unajiuliza jambo jingine: mashine ikigoma, hasara ni ya nani?

Tuanze na watu wa mashine, kwa sababu hofu yao ina historia. Wazee watakuambia habari ya mlolongo wa 1988. Katika mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, mwaka ule wapiga kura walijipanga nyuma ya wakala au picha ya mgombea, wakahesabiwa vichwa mchana kweupe, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 alipita moja kwa moja. Palikuwa na sehemu ambazo mstari mrefu ulitangazwa kushindwa na mfupi, na waliojipanga wakiona. Aliyepitia hayo ukimwambia kuna chombo kisicho na mjomba wala chama kitakachomtambua, usishangae akikishangilia.

Kisha ukaja uchaguzi wa 27 Desemba 2007 na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji kutoka Afrika Kusini, iliichunguza sajili ya wapiga kura na kukadiria kuwa ilibeba majina ya marehemu wapatao milioni 1.2. Utani wetu kwamba wafu hufufuka siku ya kura ulipata tarakimu. Marehemu haji kituoni, lakini jina lake kwenye karatasi ni kama hundi iliyokwisha kutiwa saini. Katika ngome ya chama kimoja, mahali ambapo wakala wa upande wa pili ameona heri abaki nyumbani, ni nani atakayemzuia karani kutia alama mistari iliyobaki mitupu jioni? Kifaa kinachodai kidole hai kinaziba tundu hilo. Tena kinaacha kumbukumbu: watu kadhaa wametambuliwa hapa, saa fulani, na kura zikizidi idadi hiyo kuna la kuulizana. Hoja hiyo haina mzaha, na wanaoiita ushamba wa kupenda mitambo wanaikosea haki.

Watu wa daftari nao wana siku yao: 4 Machi 2013. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya, kura sita kwa mkupuo mmoja, na vifaa vya kutambua alama za vidole vilikuwa vimenunuliwa kwa mbwembwe. Siku yenyewe vingi vikalala. Kwingine betri ziliisha, kwingine shule haikuwa na umeme wa kuzichaji, kwingine nywila ilikataa. Watu walikuwa wamejipanga tangu alfajiri. Makarani wakafunua daftari lililochapwa, wakaanza kuita majina kwa rula na kalamu, na jioni ilipofika Wakenya takriban asilimia 86 ya milioni 14.3 waliojiandikisha walikuwa wamepiga kura. Lisingekuwepo daftari siku ile, sijui tungeiitaje.

Lakini kisa hichohicho watu wa mashine nao wanakidai. Kesi ya urais ilipofika Mahakama ya Juu, swali lilikuwa ni sajili ipi hasa iliyotumika, na hapo ndipo wengi wetu tuliposikia kwanza habari za daftari la kijani, lililokuwa pia na majina ya watu ambao alama zao za vidole hazikuchukuliwa. Tarehe 30 Machi mahakama iliuacha ushindi wa Uhuru Kenyatta usimame. Wengine hawakuridhika hadi leo. Kwa hiyo 2013 ni shahidi anayeitwa na pande zote mbili, na kila upande humuuliza maswali yake tu.

Mwaka 2017 ulizidisha mkanganyiko. Bunge lilikuwa limeongeza kifungu cha 44A kwenye sheria ya uchaguzi, kinachotaka kuwe na njia ya ziada ya kumtambua mpiga kura na kupeleka matokeo, na upinzani ulikiona kama mlango wa nyuma. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia katika tume ya uchaguzi, akauawa. Baada ya hapo nani angesikiliza maelezo ya betri? Ila tukumbuke vizuri: uchaguzi wa urais wa 8 Agosti ulipofutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, kiini cha uamuzi kilikuwa namna matokeo yalivyopelekwa na kutangazwa. Kidole cha mpiga kura hakikuwa kiini cha kesi. Kifaa ni kimoja, kazi ni mbili, na lawama ya kazi ya usiku imekuwa ikimwangukia karani wa asubuhi.

Ndipo ikaja 2022. Katika siku za mwisho kabisa kabla ya kura, Mahakama Kuu ikasema daftari lililochapwa liwepo vituoni, kisha Mahakama ya Rufani ikaisimamisha amri hiyo. Jaribu kuwa msimamizi wa kituo kijijini, umelala kwenye dawati la darasa ukilinda masanduku, na unasikiliza redio ili ujue kesho utumie nini.

Kulipokucha vifaa vikagoma Kibwezi Magharibi, kaunti ya Makueni, na sehemu za Kakamega. George Wajackoyah, mmoja wa wagombea wanne wa urais, alifika kituoni kwake Matungu akakuta kifaa hakifanyi kazi. Ruhusa ya kutumia daftari ilibidi itoke Nairobi. Baadaye Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya 5 Septemba, ilitaja vituo 235 na wapiga kura 86,889 waliopiga kura kwa njia hiyo, fomu zao zikajazwa, na haikuona dosari ya kuutikisa uchaguzi.

Vituo 235 kati ya 46,229 ni kama nusu ya asilimia moja. Mtu wa mashine atakuambia huo ni ushindi, na kihesabu anasema kweli. Mimi nina shida na hesabu yenyewe. Hao 86,889 ni waliopiga kura. Aliyejipanga saa kumi na moja alfajiri akaondoka saa nne kwa sababu genge lake la mboga lilikuwa limefungwa, au kwa sababu zamu yake ya ulinzi ilikuwa inaanza, hakujaziwa fomu yoyote. Mahakama hupima kura zilizoingia debeni. Zilizorudi nyumbani kwa miguu hazina kielelezo cha kuwasilisha.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe. Kwa muda mrefu niliamini foleni ndiyo inayofukuza wapiga kura. Lakini 2013, mashine zimekufa na foleni hazisogei, waliojitokeza walikuwa asilimia 86. Mwaka 2022, vifaa vikifanya kazi karibu kila mahali, walikuwa kama asilimia 65 ya milioni 22.1. Kinachowaweka watu nyumbani kwa wingi ni kitu kingine, na ukiuliza vijana wa mtaani kwangu watakujibu kwa neno moja: watashinda walewale. Basi sitadai kwamba daftari litawarudisha watu vituoni. Ninachodai ni kidogo zaidi: aliyekwisha kuja asirudishwe.

Na wanaorudishwa na mashine hawapatikani kwa bahati nasibu. Vidole vinavyokataa ni vya fundi mwashi aliyezoea saruji, vya dobi, vya mpara samaki, vya mzee ambaye ngozi imekwisha. Mwaka 2015, kule Otuoke nchini Nigeria, mashine ilishindwa kuvisoma vidole vya Goodluck Jonathan, rais aliyekuwa madarakani, kamera zikimtazama. Akatambuliwa kwa mkono, akapiga kura. Rais hakosi wa kumshughulikia. Bi mkubwa wa nazi alikuwa na mimi nyuma yake, na mimi nilikuwa nacheka.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Lunga Lunga walichagua njia nyingine. Tanzania iliandikisha wapiga kura kwa alama za vidole kuelekea 2015, lakini siku ya kura karani alikuwa na daftari lililochapwa lenye picha. Ugomvi wao uko kwingine, na si mdogo. Naitaja kwa sababu hapa kwetu daftari huzungumzwa kama chombo cha enzi za mawe, ilhali lenye picha linamwonyesha wakala sura ya mtu, naye ana macho.

Kwa hiyo mimi niko wapi? Kifaa kitangulie, na daftari liwe ndani ya chumba hichohicho, limefungwa kwa lakiri, lifunguliwe mbele ya mawakala pale tu kifaa na cha akiba vinaposhindwa kwa muda uliotangazwa. Tuseme nusu saa. Na muda huo ubandikwe mlangoni pamoja na zile herufi za mwanzo wa majina zinazomwelekeza mtu chumba chake, ili aliye kwenye foleni ajue anasubiri nini. Waliopita kwa daftari watangazwe peke yao wakati wa kuhesabu.

Kuna pingamizi moja ninayoikubali kwa shingo upande: ukiweka kanuni hiyo, anayetaka daftari lifunguliwe ataihujumu mashine. Chaji ni rahisi kuimaliza. Hilo linaweza kutokea, na katika ngome zetu linaweza kutokea bila mtu kupiga kelele. Fomu 32A na saini za mawakala zinasaidia pale tu mawakala wa pande zote wapo. Hata hivyo ninapoziweka hatari hizi mbili kwenye mizani, ya daftari inaacha karatasi ya kukagua kesho yake. Ya mashine kugoma bila daftari haiachi chochote, kwa kuwa mtu ameshaenda zake. Tena hofu ya usiku imepungua kidogo: mwaka 2022 Fomu 34A, za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, na yeyote mwenye simu na bando aliweza kujumlisha mwenyewe. Imani hiyo tunaweza kuitumia asubuhi pia.

Uamuzi wowote utakaofanywa, usifanywe tena na majaji usiku wa kuamkia kura. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, na tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Muda uliobaki ni wa kuamua kwa utulivu ukianza sasa, na si mwingi.

Nilisema nitairudia karatasi ya gavana. Kasoro za uchapishaji ziliahirisha kura hiyo Mombasa na Kakamega hadi tarehe 29 Agosti, na wabunge wa maeneo kadhaa vilevile. Kakamega, basi, palikuwa na vituo vilivyopata yote mawili: mashine iliyogoma siku ya kwanza, na safari ya pili kwa karatasi moja. Mimi nilirudi. Kituo kilekile, mlango uleule, herufi zile bado zimebandikwa, pembe moja imebanduka. Safari hii hapakuwa na foleni ya kuitaja. Nilihesabu watu kumi na mmoja, na karani alikuwa na nafasi ya kunywa chai yake ikiwa moto. Nilipomaliza nilikaa kidogo chini ya mwarobaini, nikiangalia wanaoingia langoni. Leso niliziona mbili tatu. Yule bi mkubwa sikumwona. Huenda alikuja mapema.