Utani wa makabila jukwaani: nani anapewa nafasi ya kujibu?

Mchekeshaji chipukizi wa Tanzania anayepanda jukwaani akiwa na dakika tano na hadhira asiyoijua hukimbilia kabila mapema. Sisi wanafunzi wa chuo tunaojaribu stendapu tunalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa kazi imeshafanywa na wengine: ukimtaja Mchaga, ukumbi umekwisha kukumbuka fedha, ukimtaja Mhaya, majivuno, ukimtaja Mpare, ubahili na kesi mahakamani. Kinachobishaniwa ni kama vichekesho vya namna hii vinatuunganisha au vinatugawa, nami naona kila upande unashika kweli fulani na kuacha nyingine.

Wanaovitetea huanzia kwenye utani, na wana haki ya kuanzia hapo. Wapare na Wachaga ni watani, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na hata Simba na Yanga tunaziita watani wa jadi. Desturi hiyo humruhusu mtani kufanya msibani mambo ambayo mwingine angefukuzwa kwayo: kumkejeli marehemu, kuigiza mwendo wake, hata kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wampe chochote. Ipo hoja nyingine ambayo husikika mara chache, ingawa kwangu ina uzito zaidi. Tangu sensa ya 1967, Watanzania hawajaulizwa kabila lao wanapohesabiwa, na siasa za ujenzi wa taifa zimetuzoesha kulitaja kwa tahadhari. Jukwaa la vichekesho ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kabila linatajwa waziwazi, mbele ya watu mchanganyiko, na anayelitaja haombi kura.

Wanaopinga hutuelekeza Kenya, ambako vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000, na mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya uwiano na utangamano inayoharamisha maneno ya kuchochea chuki ya kikabila. Hawasemi kwamba mzaha huanzisha vita. Wanasema humzoesha msikilizaji kumwona jirani yake kama sampuli ya kabila, na mazoea hayo humfaa mwanasiasa siku atakapoyahitaji. Hata hivyo, Kenya hiyohiyo inatoa mfano wa kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass na kumwigiza Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa madarakani tangu 1978. Kuigiza lafudhi ni mbinu ileile ya mchekeshaji wa leo, lakini aliyelengwa alikuwa mtawala, si kila mwenye lafudhi kama yake.

Hapo ndipo utetezi wa utani unapopwaya. Utani una masharti: watani wanajulikana, na anayetaniwa leo ana haki ya kulipiza kesho. Nimemwona Mpare akitoa kile kichekesho cha zamani, kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa uangushe sarafu karibu na sikio lake. Kijana mmoja wa safu ya mbele akadakia kwamba Mpare asingethubutu kuiangusha, kwa sababu angelazimika kufungua kesi ili arudishiwe. Ukumbi ulilicheka jibu kuliko kichekesho chenyewe. Usiku huohuo mwenzetu mwingine aliigiza Kiswahili cha Mmasai mlinzi kwa dakika nzima, akapigiwa makofi, wakati Mmasai pekee aliyekuwapo alikuwa langoni akilinda pikipiki zetu. Kwa kigezo cha kuchekesha, wote wawili walifaulu. Kwa kigezo cha utani, wa pili hakuwa mtani wa mtu yeyote, na Mmasai aliyesemwa hakuwa na njia ya kumrudishia.

Je, tuiachie sheria kazi hiyo? Nasita, na sababu si mapenzi yangu kwa jukwaa tu. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaa video inayomwonesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Hakuna kabila lililotukanwa katika video ile. Chombo tunachokiita kiwalinde wanyonge dhidi ya mzaha huweza kuwafikia haraka wanaowacheka wakubwa, na sidhani kama Mmasai wa langoni angenufaika kwa lolote.

Wenye majukwaa wanaweza kufanya zaidi ya polisi, na wasipige marufuku kabila lolote. Mshereheshaji anaweza kumpa kipaza sauti aliyesemwa kabla ya kumwita mchekeshaji anayefuata. Wanaorekodi nao wana sehemu yao. Klipu ya yule Mpare ilipowekwa mtandaoni iliishia kwenye sarafu. Jibu la kijana wa safu ya mbele lilikatwa, pengine kwa sababu sauti yake haikusikika vizuri, na walioitazama wakaanza kutukanana kwenye maoni kana kwamba ukumbini hakukuwa na Mchaga hata mmoja.