Tabo kwenye 1HZ: mlima unadai hewa, dereva anadai mafuta

Ukitoka Mto wa Mbu na kuanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, Landcruiser mkonga yenye wageni sita, friji, maboksi ya chakula na matairi mawili ya akiba huanza kuhema. Gia ya nne haikai. Ya tatu inakaa kwa shida. Ukifika mlima wa pili, ule wa kutoka geti la Lodoare hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, uko gia ya pili, umekanyaga hadi sakafuni, na kioo cha nyuma kimejaa moshi mweusi. Hapo ndipo wazo la kufunga tabo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukumia injini hewa zaidi, humjia karibu kila mwenye gari la aina hii.

Arusha ubishi huu ni wa siku nyingi. Wapo wanaosema kufunga tabo kwenye 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota iliyomo kwenye Landcruiser hizi na iliyotoka kiwandani bila tabo, ni kuiua. Wapo wanaosema kuiacha hivyo hivyo ndiyo kuitesa. Nimekuwa upande mmoja, kisha upande wa pili, na leo naamini wote wana haki ila wanabishania kifaa wakati tatizo liko kwenye skrubu moja ya kuongeza na kupunguza mafuta, nyuma ya pampu ya dizeli.

1HZ si injini ya kubeza. Ilitoka mwaka 1990: silinda sita kwa mstari, cc 4,164, bloku ya chuma, kranki imeshikwa na beringi kubwa saba. Nguvu zake ni farasi karibu 130 tu, na kwa ukubwa ule ni kama mtu mwenye misuli anayebeba ndoo moja. Ndiyo maana inadumu, na ndiyo maana wanaotaka tabo wanasema nafasi ya kuongeza ipo.

Hoja yao ya kwanza ni ya hewa, na ni hoja nzuri kuliko wao wenyewe wanavyoieleza. Presha ya hewa ukiwa Tanga ni kama bar 1. Ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300 juu ya bahari, imeshuka hadi karibu bar 0.77. Injini inayojivutia hewa yenyewe imepoteza karibu robo ya pumzi yake. Pampu ya dizeli nayo, isipokuwa kama ina kifaa cha kupunguza mafuta kadiri unavyopanda, inamimina kiasi kile kile cha Tanga. Ule moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri, na joto la eksozi linapanda nao. Kwa hiyo gari lisilo na tabo, likipanda mlima mrefu na mzigo, nalo linaumia. Wanaokataa tabo huwa hawalitaji hili.

Sasa fanya hesabu. Tabo ikisukuma presha ya 4 (psi) tu, kwa kipimo kile kile tunachopimia upepo wa tairi, pale juu inarudisha takriban hewa yote iliyopotea. Presha ya 7 ukingoni mwa kreta ni sawa na presha ya 3 na kidogo ukiwa Tanga. Hewa ikisukumwa hupata joto na kutanuka, kwa hiyo faida halisi ni pungufu kidogo ya hesabu hii, lakini picha ni hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita kama 4,300. Injini iliyotoa farasi 350 chini kwenye usawa wa bahari, kule juu ilitoa 230. Ilipofungwa tabo ikatoa 356. Moss alikuwa anadai kilichochukuliwa na mlima, basi. Nadhani mtu wa Ngorongoro anayefunga tabo kwa mara ya kwanza angeanza na lengo hilo hilo, angelala vizuri.

Upande wa pili, hoja nzito zaidi inatoka kwa Toyota wenyewe. Mwaka ule ule wa 1990 walitoa ndugu wa 1HZ mwenye tabo, 1HD-T, cc zile zile. Hawakuchukua 1HZ wakaibandika tabo. 1HZ hupuliza dizeli kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, moto unaanzia humo na kutoka kwa kishindo kupitia tundu jembamba. 1HD-T hupuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda nao waliushusha, kutoka zaidi ya 22 kwa 1 hadi 18.6 kwa 1. Watu waliochora injini hizi waliona ulazima wa kubadilisha vyote hivyo, na fundi anayesema kwamba ni kufunga tu anapaswa kueleza kwa nini Toyota walihangaika.

Nilielewa uzito wa hoja hiyo siku niliposhika pistoni mkononi. Ilitoka kwenye 1HZ ya rafiki yangu, imefungwa tabo miezi michache tu. Upande mmoja wa kichwa chake, pale ulimi wa moto unapotua ukitoka kwenye kile chumba, aluminiamu ilikuwa imebadilika rangi na kuwa na vinyweleo kama uso wa mkate, na ufa mwembamba ulianzia ukingoni ukielekea katikati. Pistoni nyingine tano zilikuwa njiani kufika huko. Hedi nayo ilikuwa na nyufa kati ya valvu.

Tulipouliza, ilijulikana. Tabo ilifungwa kwa presha ya kawaida na kwa wiki kadhaa gari lilikwenda vizuri. Kisha dereva alirudi gereji.

“Fundi, limekuwa tamu, lakini niongezee mafuta kidogo.”

“Kidogo kiasi gani, kaka?”

“Mpaka lianze kutoa moshi, halafu rudisha kidogo.”

Kwenye dizeli, hewa peke yake haileti nguvu. Nguvu inaletwa na mafuta. Ukiongeza hewa bila kugusa mafuta, moto unakuwa safi na joto la eksozi mlimani linaweza hata kushuka. Ukigeuza ile skrubu nusu mzunguko, gari linavuta kama jipya, na joto linakwenda mahali ambapo geji ya maji haikuonyeshi mpaka kimeshaharibika kitu. (Wenye Vitz na Ist wanaoniuliza habari hizi: petroli ni kesi tofauti. Kule hewa ikiongezeka bila mafuta kuongezeka ndipo injini inaponoki, yaani inapogonga kwa kuungua ovyo. Msinakili ushauri huu.)

Kwa hiyo kabla ya tabo nanunua geji ya joto la eksozi, na kihisi chake nakifunga kwenye manifoldi kabla moshi haujafika kwenye tabo. Mafundi wengi wa dizeli huweka mpaka kati ya nyuzi 650 na 700 pale. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye 660. Moshi hupita haraka na pistoni inapozwa na oili, ndiyo maana haiyeyuki papo hapo, lakini dereva akijua namba hizo mbili mguu wake hubadilika.

Vumbi ndilo jambo la pili ambalo anayefunga kwa mara ya kwanza halioni. Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye barabara ya kwenda Naabi, geti la Serengeti, kiungo kimoja kilicholegea kati ya mkonga (bomba la kuvutia hewa) na boksi la filta kinatosha kupitisha unga mwembamba unaolamba ncha za yale mapanga kama msasa. Injini iliyokuwa ikivumilia uvujaji huo miaka kumi haitauvumilia tena. Nayo bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo lazima liwe pana na literemke moja kwa moja hadi kwenye sampo. Hakuna kinachoivuta oili ile isipokuwa uzito wake. Ukilikunja kukwepa mguu wa injini, oili inajaa kwenye beringi na kutokea upande wa hewa, na utatafuta chanzo cha moshi wa bluu wiki nzima. Oili yenyewe ni ya kubadilisha kila kilomita 5,000 bila mjadala. Klachi itachoka mapema, rejeta lazima iwe safi.

Wengine husema afadhali kununua 1HD nzima na kuibadilisha. Ni njia safi ukipata iliyo nzima, ila zile za mwanzo zina sifa mbaya ya beringi za konrodi, na bei inaweza kuzidi thamani ya kazi.

Mimi nasema hivi. Injini iliyokwisha kula oili, usiifunge tabo. Kampuni yenye magari manane na madereva kumi na wawili wanaobadilishana, nayo iache, kwa sababu hakuna atakayeiacha injini iungurume dakika mbili ili tabo ipoe kabla ya kuizima pale Lodoare wageni wakiwa wameshashuka. Lakini mwenye gari lake, anayeliendesha mwenyewe, injini ina mgandamizo mzuri kwenye silinda zote sita, afunge, presha isizidi 7, na kipimo cha mafuta kibaki kile cha kiwandani.

Rafiki yangu alifanya ovahauli na kuifunga tena ile ile tabo. Safari hii fundi alipaka mstari wa rangi nyekundu, nusu juu ya skrubu ya mafuta na nusu juu ya nati yake. Gari likirudi kutoka safari, kabla ya kuhesabu mahema, anafungua boneti na kuutazama ule mstari kama bado umenyooka.