Pwani: watawala walikwenda, hati zikabaki

Wapo wanaosimulia historia ya Mombasa kana kwamba mwenyeji alikaa barazani akitazama tu: akaja Mreno, akaja Mwomani, akaja Mwingereza. Simulizi hiyo siiafiki. Wamombasa wenyewe walituma ujumbe Oman kuomba msaada dhidi ya Wareno, na baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, Fort Jesus, ngome ya Wareno, ikaanguka Desemba 1698. Mwaka 1824 Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kwa kumhofu Seyyid Said, mtawala wa Oman, wakajiweka chini ya bendera ya Mwingereza. Walikuwa na hesabu zao.

Ila zilikuwa hesabu za wakubwa. Mtumwa aliyelima mashamba ya Malindi na Takaungu hakuulizwa neno, na utumwa ulipigwa marufuku hapa mwaka 1907 tu. Kwa hiyo huniuma kusikia watu wakiutamani wakati wa Sultani wa Zanzibar kana kwamba kila mtu alikula naye sinia moja.

Watawala wote hao waliondoka. Kilichokataa kuondoka ni karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani huyo, wayaandikishe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, waliomiliki kiukoo bila maandishi, wakawa maskwota kwao. Oktoba 1963 Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana ukanda huo uingie Kenya, na hati zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe.

Wanaozitetea husema hati zikitiwa shaka, hakuna benki itakayokopesha wala mtu atakayethubutu kununua. Ni hoja nzito, siidharau. Lakini ardhi ya Mfalme ilirithiwa na serikali ya Kenya huru, ikawa na uwezo wa kuwapa waliokuwa wakiilima. Nyingi ikagawiwa vigogo. Hilo tulitendeana wenyewe, wala hatuwezi kumbebesha Mreno.

Nenda Majengo, Mombasa. Utakuta nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mwenye nyumba hupokea kodi kwa wapangaji, kisha naye humpelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Kuta zake, udongo wa mwingine. Watoto wakiongezeka akataka kupandisha ghorofa, sharti kwanza akaombe ruhusa.