Moto katika mikorosho: marufuku au adabu?

Kila mwaka mvua zinapokatika, kati ya Mei na Juni, wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na vijiji vingi vya Lindi, kusini mwa Tanzania, huingia mashambani kufyeka. Korosho hudondoka zenyewe pamoja na bibo na kuokotwa chini, kwa hiyo ardhi iliyo chini ya mti lazima iwe safi kabla ya msimu wa kuokota, ambao huku kwetu hushika kasi kuanzia Oktoba. Ukishafyeka, unabaki na marundo ya nyasi, majani makavu na vichaka, na swali la kuyachoma au kutoyachoma. Katika mikutano ya vijiji jibu huwa fupi: kuchoma ni kuharibu mazingira, marufuku. Wiki mbili baadaye moshi unaonekana kila upande. Mtu anaweza kusema kwamba wakulima ni wakaidi, lakini maelezo hayo ni mepesi mno kwa jambo linalorudiwa kila mwaka na watu wenye akili zao timamu.

Anayechoma ana hoja. Shamba la ekari tano likifyekwa kwa mikono hutoa taka ambazo mtu mmoja hawezi kuzihamisha kwa siku chache, na siku zenyewe ni chache, kwa kuwa mikorosho inakaribia kutoa maua na salfa inasubiri kupulizwa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho. Rundo lililoachwa huwa nyumba ya nyoka, na waokotaji wa korosho, ambao wengi ni wanawake na watoto, hupitisha mikono yao humohumo. Kwa mama mjane asiye na vijana wa kumsaidia, kibiriti ndicho kibarua pekee anachokimudu. Iko pia hoja ya majivu, ambayo wanaopinga moto huipita haraka: majivu hupunguza tindikali ya udongo, na hilo si dogo katika mashamba yanayopuliziwa salfa mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo, faida hiyo ya majivu haidumu. Moto huwashwa wakati kusi linavuma, na majivu mepesi hupeperushwa kabla ya kuingia ardhini. Yanayosalia huchukuliwa na mvua za kwanza. Kinachopotea, kwa upande wa pili, ni majani ambayo yangeoza na kuupa udongo wetu wa kichanga uwezo wa kushika maji. Tena mkorosho si mti wa kuchezewa karibu na moto. Matawi yake huinama hadi karibu na ardhi, na moto wa nyasi uliopita chini kwa dakika chache tu unaweza kubabua nusu ya mti ambao ulikuwa unakaribia kutoa maua. Mche utakaopandwa badala ya mti uliokufa utahitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa korosho za kwanza, na zaidi ya hapo kabla ya kuzaa za kujaza gunia. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ya kunywa yenyewe huwa ya kutafutwa, hakuna anayezima moto wa shamba kwa maji. Unazimwa kwa kupigwa na matawi mabichi, na mara nyingi huachwa uishie utakapoishia, yaani kwa jirani.

Sheria ina busara zaidi kuliko namna inavyotangazwa mikutanoni. Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu inayohusu uchomaji wa uoto, na msingi wake ni kibali na tahadhari. Haiuchukulii kila moto kuwa kosa. Kilwa nayo inatoa mfano unaofaa kufikiriwa. Katika misitu ya vijiji yenye mpingo, moto wa mapema, unaowashwa mvua zikiwa zimetoka kukatika na nyasi zingali na unyevu, umetumika kama kinga, kwa sababu moto huo huwa hafifu, hupita kwa vipande, na huacha nafasi tupu zinazozuia moto mkali wa Septemba na Oktoba. Anayesema kwamba moto wote ni adui wa mazingira atapata shida kuueleza msitu huo. Anayechukua mfano huo na kuuhamishia chini ya mikorosho naye anakosea, kwa kuwa msitu wa mpingo na shamba la korosho haviungui kwa namna moja.

Mabishano haya husahau kwamba moto wa shamba ulikuwa, na kwa wengi bado ni, jambo la adabu kabla ya kuwa jambo la sheria. Mtu mwenye heshima zake hupita jioni kwa majirani wa mpakani na kuwaarifu kwamba kesho atachoma. Husafisha mkanda wa ardhi mpakani, hungoja upepo utulie, na haondoki mpaka awe amepitisha kiganja juu ya majivu. Jirani aliyearifiwa naye huja na tawi lake bila kuitwa.

Hoja ya kusikitisha dhidi ya adabu hiyo ni kwamba hushika pale tu watu wanapofahamiana. Mashamba mengi leo ni ya watu wanaoishi Dar es Salaam au Mtwara mjini, na kazi hufanywa na vibarua wanaolipwa kwa ekari, ambao hawamjui jirani wala hawatakuwapo mwezi ujao. Wapo pia warina asali, na wawindaji wa panya (panya hao huku huitwa kwa utani samaki nchanga), wanaowasha moto mahali ambapo si shamba la mtu yeyote na kuondoka. Kwa watu hawa kibali na faini vina kazi ya kufanya. Tatizo ni kwamba faini humwangukia aliyekutwa na kibiriti, na mara nyingi huyo ni kibarua.

Kwa maoni yangu, chini ya mikorosho yenyewe hakuna haja ya moto hata kidogo: taka zilazwe katikati ya mistari, mbali na mahali korosho zinapodondoka, zioze. Pembezoni, kunakopakana na msitu au pori, moto wa mapema wenye kibali na majirani waliokwisha kuarifiwa ni bora kuliko marufuku isiyofuatwa. Lakini kulaza taka ni kazi ya ziada, na kazi ya ziada ina bei. Mwenye shamba anayepatana kwa simu bei ya kufyeka tu, bila kutaja marundo yatakwenda wapi, amekwisha kuuagiza moto huo, na sheria ndogo ya kijiji ingepaswa kumtoza yeye kwanza shamba la jirani linapoungua, hata kama siku hiyo alikuwa Kariakoo.