Talaka Mmekubaliana, na Nyumba Je?

Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kwenye baraza la kata, ambako yeye na mumewe waliketi benchi moja wakizungumza kwa upole kama abiria wanaosubiri basi. Wote wawili walitaka talaka, na hakuna aliyemtuhumu mwenzake. Upole huo ulidumu mpaka mwenyekiti alipouliza cherehani ni ya nani, na vile vyumba viwili vya uani vinavyopangishwa vilijengwa kwa fedha za nani.

Tangu siku hiyo sipendi kusikia mtu akisema talaka yake haina mabishano kwa sababu tu wamekubaliana kuachana. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiwaruhusu wanandoa kuvunja ndoa kwa kutia saini karatasi. Kwa kawaida huanzia baraza la usuluhishi, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na hati inayoeleza kwamba usuluhishi umeshindikana isiwe imepita miezi 6 tangu itolewe shauri linapofunguliwa. Baada ya hapo mahakama yenyewe ndiyo inayopaswa kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, hata kama mjibu maombi, yaani mwenza anayeombewa talaka, hapingi lolote. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama.

Kutopinga, basi, hufupisha ushahidi tu. Ugomvi wenyewe huzuka kwenye kifungu cha 114 cha sheria hiyo, kinachohusu mgawanyo wa mali, na kwenye malezi ya watoto. Bado nasikia wanaume wakisema, “Nyumba nimejenga mimi,” ilhali Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. (Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa.)

Kwa maoni yangu, wanaoachana kwa amani waandike orodha ya mali na mpango wa watoto kabla ya kukanyaga barazani. Mahakimu nao wamhoji kwa makini mke anayesema hataki chochote, kwa kuwa huenda amechoka, ametishwa, au hana nauli ya kurudi tarehe ijayo.

Jirani yangu aliondoka na cherehani. Vyumba vya uani bado vina kesi.